Namna ya kufuatilia historia ya kikosi cha ndege za kivita

Jumapili moja ya msimu wa mpira wa Wamarekani tulikuwa tunatoka kanisani, hapa Kansas City, watoto wakaanza kuelekeza vidole juu. Ndege nyeusi, bapa, imetanda kama popo, ilikuwa inakwenda upande wa uwanja wa mpira. Ngurumo yake ilitufikia ikiwa imeshatupita. Kitindamimba wangu akanivuta mkono.

"Baba, mkia wake uko wapi?"

"Haina mkia, baba."

"Ni ya nani?"

"Ya jeshi."

"Inakaa wapi? Imeshakwenda kupiga nani?"

Nilifundisha historia miaka 11 kule Likasi, Katanga, kabla ya kuja huku, na maswali hayo mawili ya mwisho yalinishinda palepale mlangoni mwa kanisa. Usiku ule nikiwa zamu ghalani, wakati wa mapumziko, nikaanza kusoma kwenye simu. Sasa nina madaftari matatu. Vijana wa jumuiya yetu wameniomba niwaeleze nafanyaje, na mwalimu mwenzangu mmoja aliyeko Kigoma ameniomba vilevile, basi naandika mara moja kwa wote. Mfano nitakaoutumia ni kikosi chenye ndege ile: Kikosi cha 509 cha Jeshi la Anga la Marekani, kilichopo kambi ya Whiteman, jimbo la Missouri, kilomita kama 110 kusini-mashariki ya hapa. Njia yenyewe inafaa kwa kikosi chochote cha anga, cha nchi yoyote.

Shika namba, ndege ziache kwanza

Anayependa ndege huanza na ndege. Mimi nami nilianza hivyo, nikapoteza mwezi mzima. Ndege hununuliwa, huchakaa, huuzwa vyuma chakavu, hupewa kikosi kingine. Namba ya kikosi ndiyo inayodumu. 509 imeshatumia B-29, B-50, B-47, B-52, FB-111 na sasa B-2, ndege ile nyeusi isiyo na mkia. Ukishika ndege moja utapata kipande. Ukishika namba utaufuata uzi wote.

Lakini jua namba hiyo ni ya ngazi gani. Kwa Wamarekani, chini ni skwadroni, yaani marubani na ndege zao, au mafundi wa kazi fulani. Skwadroni kadhaa huunda kundi. Makundi kadhaa huunda ngazi ambayo wao huiita kwa neno lenye maana ya bawa, nami hapa naiita kikosi. Kikosi ni mji mdogo: kina marubani, mafundi, madaktari, wapishi na walinzi wa lango. Namba moja inaweza kubebwa na kundi na pia na kikosi, na hapo ndipo wengi wanapochanganya.

Tazama hapa. Tarehe 17 Desemba 1944, huko Wendover, jimbo la Utah, kilichoundwa ni Kundi la 509, chini ya Kanali Paul Tibbets. Kikosi cha 509 kilizaliwa Novemba 1947, vita vikiwa vimekwisha zaidi ya miaka miwili. Mwaka 1952 kundi likavunjwa, na heshima zake za vita zikarithishwa kikosi. Kwa hiyo kwa karatasi, Kikosi cha 509 hakikuwapo Hiroshima. Lililokuwapo ni kundi, kikosi kikarithi, kama mtoto anavyorithi jina la babu pamoja na madeni yake. Andika hivyohivyo. Ukiandika ovyo kwamba kikosi kilidondosha bomu mwaka 1945, msomaji makini atafunga daftari lako hapo.

Ili uwe na uhakika, tafuta hati ya ukoo na heshima ya kikosi. Kwa vikosi vya Marekani hati hizo hutunzwa na idara ya utafiti wa historia ya jeshi la anga iliyopo kambi ya Maxwell, jimbo la Alabama. Ni karatasi kavu isiyo na simulizi yoyote: majina yote ambayo kikosi kimewahi kuitwa, tarehe, kambi, aina za ndege, nishani. Inakuchosha kusoma, lakini bila hiyo utajenga juu ya mchanga.

Kalamu mbili

Somo hili nililipata mbele ya watu. Niliandaa jioni ya historia katika ukumbi wa kanisa, nikawaambia vijana kwamba mwaka 1990 kikosi kilihama na ndege zake kutoka kambi ya Pease, jimbo la New Hampshire, kuja Missouri. Mzee mmoja wa hapa, aliyestaafu ufundi wa ndege, alikuwa amekaa nyuma kwa sababu mkewe hutusaidia masomo ya Kiingereza. Alinyoosha mkono kwa upole, akasema: "Mwalimu, hakuna ndege hata moja iliyohama."

Alikuwa sahihi. Tarehe 30 Septemba 1990 kilichohama ni jina na bendera. Hakukuwa na mtu, wala ndege, wala sanduku la spana. FB-111 za Pease zilipelekwa kwingine, watu wake wakatawanyika, na kambi yenyewe ikafungwa mwaka 1991. Whiteman kikosi kilikaa zaidi ya miaka mitatu bila ndege yake ya kazi, hadi B-2 ya kwanza, iliyopewa jina Spirit of Missouri, ilipotua tarehe 17 Desemba 1993.

Tangu siku hiyo natumia kalamu mbili. Kwa nyeusi naandika safari ya hati: jina, bendera, heshima. Kwa nyekundu naandika safari ya watu na ndege. Mistari hiyo miwili wakati mwingine hukimbia pamoja, wakati mwingine huachana kabisa. Pale inapoachana, simama uulize kwa nini. Kwa 509 jibu ni kwamba wakubwa wa jeshi walitaka ndege yao mpya ya gharama kubwa ibebwe na jina lenye sifa, na jina hilo lilikuwa linabaki bila kazi Pease inafungwa.

Na ukiona tarehe inajirudia, iwekee alama. Desemba 17 ndiyo siku ndugu wawili Wright waliporuka mara ya kwanza mwaka 1903, ndiyo siku kundi lilipoanzishwa mwaka 1944, na ndiyo siku B-2 ya kwanza ilipoletwa Whiteman. Jeshi hupenda tarehe zenye uzito.

Safu nne

Sasa gawanya ukurasa safu nne. Ya kwanza: kazi iliyoagizwa. Ya pili: ndege na silaha. Ya tatu: inaondokea wapi, inafika wapi, kwa saa ngapi. Ya nne: nani anatoa amri. Kila safu ya kwanza inapobadilika, funga kipindi, piga mstari, anza kipindi kipya. Usipige mstari kwa sababu kamanda amebadilika au ndege mpya imekuja. Makamanda hupokezana kila mwaka au miwili, na ukiwafuata wao utakuwa na orodha ya majina tu. Piga mstari kwa sababu kazi imebadilika.

Kipindi cha kwanza cha 509 ni kifupi na ndicho kizito kuliko vyote, basi kipe kurasa nyingi. Kazi ilikuwa moja: kubeba bomu ambalo karibu wote waliofanya mazoezi ya kulibeba hawakuambiwa ni kitu gani. B-29 zao 15 zilikuwa zimepunguzwa bunduki isipokuwa za mkiani, na tumbo lake likatengenezwa upya ili kubeba kitu kimoja kizito kwenye ndoano moja. Marubani walifundishwa mzunguko wa ajabu: ukiachia bomu, unainamisha pua na kukata kona kali ya nyuzi 155 ili kulikimbia wimbi la mlipuko. Soma tena sentensi hiyo. Mtu anayefundishwa kukimbia bomu lake mwenyewe tayari ameshaanza kukueleza ni bomu gani. Mambo madogo ya namna hii, kona, ndoano, bunduki zilizotolewa, ndiyo ninayoyatafuta katika kila kipindi, kwa sababu kazi ya siri hujificha kwenye maneno lakini hujionyesha kwenye vyuma.

Kutoka Wendover walikwenda kisiwa cha Tinian, Pasifiki. Walipiga Japani kwanza kwa mabomu ya kawaida yenye umbo la lile bomu kubwa, waliyoyaita maboga. Tarehe 6 Agosti 1945 Enola Gay, Tibbets mwenyewe akiwa usukani, iliondoka saa nane na dakika 45 usiku, na bomu likalipuka juu ya Hiroshima saa mbili na robo asubuhi kwa saa za kule. Siku tatu baadaye Bockscar, ikiendeshwa na Charles Sweeney, ikaenda Nagasaki. Katika safu ya tatu niliandika: Tinian hadi Hiroshima, saa kama 6 kwenda. Iweke akilini namba hiyo, tutairudia.

Kipindi cha pili kinaanzia Roswell, jimbo la New Mexico, walikorudi mwishoni mwa 1945. Julai 1946 walidondosha bomu la majaribio juu ya meli zilizopangwa kwenye kisiwa cha Bikini. Mwaka huohuo Kamandi ya Anga ya Kimkakati ilikuwa imeundwa, na hiyo ndiyo inayokaa kwenye safu ya nne hadi ilipovunjwa mwaka 1992. Kazi sasa ilikuwa kuwa tayari na kuonekana kuwa tayari. Mwaka 1948 walipewa skwadroni ya ndege za kujaza mafuta angani, miongoni mwa za mwanzo kabisa. Wengi wanalipita jambo hili. Mimi naona ndilo lililobadilisha kila kitu, kwa sababu ndege inayonyonyeshwa hewani haihitaji tena kisiwa kama Tinian karibu na adui. Kumbuka pia kwamba kambi ya Roswell ilibadilishwa jina mwanzoni mwa 1948 ikaitwa Walker. Ukitafuta jina moja tu utakosa nusu ya hati.

Mwaka 1958 wakahamia Pease, karibu na mji wa Portsmouth, na B-47 zao. Huu ulikuwa wakati wa kusubiri. Kamandi iliweka theluthi ya ndege zake zikiwa zimeshapakiwa silaha, na wanajeshi wakilala jirani nazo, wakiwa tayari kuruka ndani ya robo saa. Fikiria maisha ya mafundi hao: theluji ya New Hampshire, kengele usiku, wanakimbia, wanawasha, wanazima, wanarudi kulala. Kazi yao ilifanikiwa kila siku ambayo haikufanyika. Katika kuandika historia, kipindi cha kusubiri ni kigumu kwa sababu hakina tukio. Usikipite. Tafuta magazeti ya mji mdogo ulio jirani na kambi, hasa kurasa za harusi, ajali za barabarani, malalamiko ya kelele na matangazo ya nyumba za kupanga. Hapo ndipo wanajeshi wanaonekana kama watu. Maktaba nyingi za miji ya Marekani zina magazeti ya zamani kwenye maikrofilamu, na wakutubi hufurahi kukusaidia hata Kiingereza chako kikiwa cha kuvunjika. Nimeona hivyo mwenyewe.

Mwaka 1965, B-47 zilipostaafishwa, kikosi kilikuwa kifutwe. Kiliokolewa kwa kupewa B-52 pamoja na ndege za mafuta za KC-135. Halafu, mwishoni mwa miaka ya 1960, B-52 hizo zikatumwa Guam kupiga Vietnam kwa mabomu ya kawaida. Piga mstari mnene hapo. Kikosi kilichorithi kundi la bomu moja la pekee sasa kinamwaga mabomu kwa mamia, nacho kimerudi kwenye visiwa vya Mariana, Tinian ikiwa jirani.

Miaka ya FB-111, kuanzia mwisho wa 1970 hadi Pease inafungwa, naipita haraka. Watu wawili ndani, mabawa yanayokunjwa, kuruka chini kukwepa rada. Kazi ilirudi kuwa ileile ya kusubiri.

Whiteman, na saa zinazorefuka

B-2 ilibuniwa kupenya ulinzi wa Wasovieti kwa mabomu ya nyuklia. Mpango ulikuwa ndege 132. Zilitengenezwa 21, kwa maana Umoja wa Kisovieti ulivunjika ndege zikiwa bado zinatengenezwa. Hapa mtafiti ajiulize: kikosi kinafanya nini adui wake anapotoweka kabla ndege haijatua kambini? Jibu liko kwenye safu ya kwanza. Kazi ya nyuklia ilibaki, na juu yake ikaongezwa kazi ya pili, mabomu ya kawaida yanayoongozwa na setilaiti.

Machi 1999 zilipigana mara ya kwanza, huko Serbia na Kosovo, zikiondoka Missouri na kurudi Missouri, zaidi ya saa 30 bila kutua. Oktoba 2001 moja ilikwenda Afghanistan kwa saa 44 kabla ya kutua kisiwa cha Diego Garcia, Bahari ya Hindi, ikabadilisha marubani bila kuzima injini, ikarudi nyumbani. Machi 2011 tatu zilipiga mahanga ya ndege karibu na Sirte, Libya. Juni 2025 saba zilipelekwa Iran kwa safari ya saa kama 37, zikadondosha mabomu 14, kila moja lenye uzito wa kilo karibu 13,600, kwenye mitambo ya urani ya Fordow na Natanz.

Weka safu ya tatu ya 1945 kando ya hiyo. Saa sita kutoka kisiwani, kama kumi na mbili kwenda na kurudi. Sasa siku nzima na ushei, kwenda na kurudi, kutoka katikati ya Marekani. Rubani wa leo anaondoka nyumbani kwake, anapita mashamba ya mahindi na soya ninayoyapita mimi nikienda kununua mbuzi, anadondosha bomu bara jingine, na keshokutwa anampeleka mtoto shule. Sijasoma kwenye hati yoyote maelezo ya kutosha kuhusu jambo hilo linamfanyaje mtu, nami naendelea kulitafuta kwenye mahojiano ya wastaafu.

Usisahau ajali. Tarehe 23 Februari 2008, B-2 iliyoitwa Spirit of Kansas ilianguka wakati wa kuruka Guam. Unyevu uliingia kwenye vihisi vinavyopima hewa, kompyuta ikadanganywa kuhusu mwendo, ndege ikainua pua kupita kiasi. Marubani wawili waliruka kwa viti vyao, wakapona. Ripoti ya ajali mara nyingi hukufundisha utendaji wa kikosi kuliko vitabu vya sifa, kwa kuwa ndani yake mafundi husema waziwazi nani alifanya nini, saa ngapi, na mvua ilikuwa imenyesha kiasi gani.

Jambo moja la tahadhari hapa: siku hizi B-2 hurushwa pia na marubani wa Kikosi cha 131 cha akiba ya jimbo la Missouri. Ndege moja, vikosi viwili. Ukisoma "B-2 kutoka Whiteman", usiandike 509 peke yake bila kuangalia.

Picha nazo huzungumza uongo

Vijana huniletea picha wakisema alama za mkiani zinathibitisha kikosi. Sawa, mara nyingi. Lakini angalia Enola Gay katika picha za Agosti 1945. Mkiani ina herufi R ndani ya duara. Hiyo ni alama ya Kundi la 6, si ya 509. Bockscar ilikuwa na N ndani ya pembetatu, ya Kundi la 444. Walipakwa alama za wenzao makusudi ili adui asitambue kwamba kuna kundi la pekee kisiwani. Ukifuata mkia utapeleka bomu la Hiroshima kwa watu wasiohusika.

Tena, taarifa za mwanzo za magazeti zilisema ndege iliyopiga Nagasaki ni The Great Artiste. Hiyo ndiyo ndege ambayo Sweeney alikuwa akiitumia kwa kawaida, lakini ilikuwa imefungwa vyombo vya kupimia mlipuko, basi akabadilishana na mwenzake akachukua Bockscar. Mwandishi alijua rubani, akakisia ndege. Kwa hiyo ulinganishe picha na namba ya usajili. Enola Gay ni 44-86292, na unaweza kuiona leo katika makumbusho ya Chantilly, Virginia. Bockscar iko Dayton, Ohio. Kwa B-2, ambayo haina mkia, tazama maandishi kwenye milango ya magurudumu.

Nembo ya kikosi itazame pia kwa utulivu. Ya 509 ina wingu la bomu la atomiki. Kikosi kinachojivika wingu hilo begani kinakuambia kinajiona nani, hata kama kwenye safu ya kwanza umeandika mabomu ya kawaida.

Uvumi, na walioko chini

Ukitafuta 509 kwenye intaneti utazama katika habari za chombo cha viumbe wa angani. Julai 1947 kambi ya Roswell ilitangaza kwamba imeokota "sahani inayoruka", muda mfupi baadaye wakasema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 jeshi la anga lilieleza kwamba mabaki yale yalikuwa ya mradi wa siri wa maputo ya kusikiliza majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Ipe aya moja, endelea. Inakula muda wa watu wengi wenye akili.

Muda huo utumie kuwasoma waliokuwa chini ya ndege. Historia inayoandikwa na kikosi huishia pale bomu linapoachiwa. Mei 1999 B-2 ilipiga ubalozi wa China mjini Belgrade, wakafa waandishi wa habari watatu wa Kichina. Marekani ilisema jengo lilitambuliwa kimakosa. Katika orodha ya mafanikio ya kikosi huwezi kulielewa tukio hilo. Lazima usome na upande wa pili. Kwa Hiroshima, waliokufa hadi mwishoni mwa 1945 wanakadiriwa kufika 140,000, na ushuhuda wa walionusurika umeandikwa kwa wingi. Mimi huandika ushuhuda wao kwenye ukurasa wa kulia, mkabala na ripoti ya ndege. Kurasa mbili, saa ileile, tarehe ileile.

Safu ya tano

Daftari la kwanza lilikuwa limekaribia kujaa nilipoongeza safu ya tano: silaha hii imechimbwa wapi? Sijaona mtu mwingine anayeiweka, nami nakusihi uiweke.

Bomu la Hiroshima lilikuwa la urani. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilitoka mgodi wa Shinkolobwe. Mtu wa Likasi haambiwi Shinkolobwe iko wapi. Ni kilomita kama 20 kutoka mjini kwetu. Mawe yake yalikuwa na utajiri usio wa kawaida, mengine yakifika asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati migodi mingine ya dunia ilifurahia hata asilimia moja. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alisafirisha tani kama 1,200 hadi New York, zikakaa kwenye ghala la Staten Island. Septemba 1942 Luteni Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani akazinunua, pamoja na mawe yaliyobaki juu ya ardhi kule Katanga. Baadaye wahandisi wa jeshi hilo walisaidia kufungua tena mgodi uliokuwa umejaa maji. Mzigo ulipita kwa reli hadi bandari ya Lobito, Angola. Baadaye kwa reli na mto hadi Matadi.

Nilikuwa nimefundisha watoto wa Likasi miaka 11, na nilifundisha Hiroshima kama jambo la Japani na Marekani. Kitabu cha shule kilisema hivyo nami nikasema hivyo. Mgodi ulikuwa umezibwa tangu kabla ya uhuru, vijana wakaendelea kuingia kwa majembe kutafuta kobalti, na Julai 2004 ukaporomoka ukaua watu wanane. Tuliuzungumza kama mgodi hatari. Hatukuuzungumza kama mwanzo wa kikosi chochote cha ndege. Na mwaka 2025 509 hiyohiyo, iliyoanza kwa kubeba urani, ikatumwa kuvunja mitambo ya urani.

Sasa mstari wa kwanza wa daftari langu unasomeka hivi, kushoto kwenda kulia: kudondosha bomu la atomiki, B-29, Tinian hadi Hiroshima, saa 6, Rais wa Marekani, Shinkolobwe. Kijana wangu aliusoma kwa sauti, akaja na simu yake, akaniomba nimwonyeshe kwenye ramani nyumba ya bibi yake na mgodi. Tukapima kwa kidole.

Babu yangu upande wa mama alifanya kazi kwenye kampuni ya reli ya Katanga, BCK, miaka ileile. Alifariki mwaka 1994, nami nikiwa kijana wa kutosha kuuliza, sikumuuliza. Kama kwenu bado kuna mzee wa reli, wa mgodi, wa bandari ya Matadi, au mtoto wake anayekumbuka simulizi, nenda wiki hii na kalamu zote mbili. Usianze na bomu. Muulize alikuwa akiamka saa ngapi, alipewa nguo gani za kazi, mawe yalipakiwa mchana au usiku, kwenye mapipa au magunia, nani alisimamia, waliambiwa yanakwenda wapi, alilipwa nini, na baada ya zamu alioga wapi. Andika maneno yake kwa lugha aliyoyasema. Tarehe za ndege utazipata Alabama wakati wowote.